Zita Aliyemvua Baba Mkwe Suruali

Ndugu zangu wa Kizwite, na ninyi wa Sumbawanga nzima mnaopenda kusimulia msiyoyaona, leo nasema mimi. Nimechoka. Kila nikipanga foleni kwenye mashine ya kusaga nasikia, "Si ndiye yule aliyemvua baba mkwe wake suruali mchana kweupe?" Halafu mnacheka, mnaziba midomo kwa khanga. Ndiye. Anaitwa Zita, mke wa Wilibrodi, na mimi Tusajigwe nilikuwepo pale, ndoo mkononi. Atakayekasirika kwa nitakayosema akasirike, ila asikilize mpaka mwisho.

Na msije mkasema huyu katoka Mbeya, hajui heshima ya ukwe. Kwetu Rungwe mkamwana akimwona baba mkwe njiani anajitosa migombani mpaka mzee apite. Sisi ndio wakali zaidi. Kwa hiyo mambo ya ukwe msinifundishe.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vipya. Zahanati zilikuwa zimejengwa huku juu na kule bondeni Mtowisa, lakini dawa hakuna. Za nje zilikuwa hazifiki, na tulikuwa tumeambiwa tujitegemee. Basi ushirika wetu ukafungua karakana ndogo ya dawa hapa hapa Kizwite: stoo, chumba cha kuchanganyia tulichokiita maabara, na uwanja wenye pipa kubwa la maji. Tulitengeneza dawa ya kuoshea vidonda na dawa ya kusafishia wodi. Mimi nilitunza stoo, Zita alichanganya dawa. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Urbano, baba yake Wilibrodi, yaani baba mkwe wa Zita.

Asubuhi zetu zilikuwa nzuri jamani. Baridi ya Ufipa mnaijua, ile inayofanya mtu aongee moshi ukimtoka mdomoni. Mzee Urbano alikuja mbele na koti lake refu, Zita nyuma yake na chupa ya uji wa ulezi, na mtoto wa Zita, Marsiana, akikimbia pembeni kuelekea shule. Tukiwa tumekaa kwenye ngazi tunakunywa uji, mzee alikuwa akitutania mimi na mfamasia wetu, Bwana Ambilikile, kwamba Wanyakyusa bila ndizi hatuna nguvu ya kufungua hata kizibo. Tulicheka sana. Nyumba ile ilikuwa ya kusifiwa, wala sikuwahi kusikia neno baya kati ya mzee na mkamwana wake.

Sasa nieleze kitu kimoja, na mkishike vizuri. Malighafi yetu kubwa ilikuwa kaboliki. Ilikuja kwenye chupa kubwa za kioo, imeganda, nyeupe kama chumvi ya mawe, na harufu yake ni ile mnayoisikia mkiingia hospitali. Mtu wa hapa akiisikia harufu hiyo moyo wake unatulia, anasema, "Ah, dawa." Hapo ndipo anapopotea.

Bwana Ambilikile alitwambia kila mara, "Hii bado si dawa. Ni kitu kinachokwenda kuwa dawa. Kikishachanganywa na maji mengi kwa kipimo, kinaosha kidonda. Kabla ya hapo kinakula nyama ya mtu. Na ubaya wake hakiumi. Kinaitia ngozi ganzi, kinapenya, kinaingia kwenye damu, na wewe umekaa tu unasema sijambo."

Akatuwekea masharti. Glavu za mpira, aproni ya mpira, miwani. Chupa iyeyushwe polepole kwenye maji ya uvuguvugu, kizibo kimelegezwa. Glavu zisivuliwe katikati ya kazi, na kabla ya kuzivua zioshwe. Ikimmwagikia mtu avue nguo hapo hapo aliposimama, amwagiwe maji mengi, na maswali yafuate baadaye.

Masharti mazuri. Lakini Mzee Urbano alikuwa na masharti yake.

Katika nyumba ya Mzee Urbano, mkamwana akimwona baba mkwe kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kila anapomwona tena baada ya kuachana, anachutama na kupiga makofi taratibu, mikono mitupu, macho chini. Mikono iliyofunikwa ni matusi. Ni sawa na kumwambia mzee kwamba unamwona mchafu. Na Mzee Urbano kama msimamizi aliingia maabara kila alipopenda: kuangalia kazi, kuuliza saa, kutafuta kofia yake aliyoisahau. Kila akiingia, Zita aliweka chini chupa, akavua glavu zilizolowa kaboliki, akachutama, akapiga makofi. Mzee akitoka, anazivaa tena. Akirudi, anazivua tena.

Mnaona hapo? Mkono mtupu unashika glavu iliyolowa, halafu mkono ule ule unaingia ndani ya glavu. Sumu iliyokuwa nje ikahamia ndani, ikakaa na vidole vyake kutwa nzima.

Bwana Ambilikile aliona. Nami nilimwambia, "Kaka, sema neno." Akanijibu, "Dada Tusajigwe, mimi ni mgeni hapa. Nitaingiliaje salamu za watu na mkwe wao?" Upole wa mtu huyu ulikuwa unanikera! Mgeni, mgeni, na huku kaboliki haina habari na ugeni wa mtu.

Siku moja nilikuwa kwa kina Zita, tumekaa jikoni. Sufuria ya maharage ilikuwa inachemka. Zita akanyoosha mkono, akashika mfuniko, akaufunua na kuuegemeza pembeni, anaendelea kunisimulia habari za harusi fulani ya Matai, kwao. Marsiana akapiga kelele, "Mama, unaungua!" Zita akatazama vidole vyake. Ngozi ilikuwa imebabuka kwa moto wa mfuniko, na yeye hakusikia kitu. Chini ya hapo vidole vilikuwa vyeupe pe, vimekunjamana.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Muda," akasema. "Mimi nilifurahi. Ilikuwa mikono inanipasuka kwa baridi, ikaacha kuuma. Nikajua ndiyo dawa yenyewe."

Nilitamani kulia. Tulikwenda hospitali, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimekufa kwenye ncha, kimekuwa cheusi. Wakakikata mpaka kwenye pingili. Zita akarudi nyumbani na bandeji, mzee akampa pole, akina mama wa jirani wakamletea unga, yakaisha. Hakuna aliyetaka kusema kidole kimeondoka kwa sababu gani.

Safari hii Bwana Ambilikile alijikaza. Alimwendea Mzee Urbano, akamwomba kwa unyenyekevu asimlazimishe Zita kuvua glavu akiwa kazini. Mzee akasema, "Kijana, hizo glavu utaondoka nazo utakapohamishwa. Zita atabaki kuwa mkamwana wangu." Wakaachana hapo.

Nilifikiri Zita ataacha kazi. Hakuacha. Kidonda kilipopona alirudi, ila alirudi mtu mwingine.

Mvua za mwaka huo zilikuwa zimekaribia. Mnajua barabara ya kuteremka Mtowisa mvua ikishanyesha: hata trekta linalala njiani. Lori la ushirika lilikuwa limeegeshwa uwanjani, linasubiri dawa ya zahanati za bondeni, na dereva anapiga honi kama amekuja kuchukua bibi harusi. Bwana Ambilikile alikuwa ameitwa bomani. Zita alikuwa peke yake maabara, chupa imekaa kwenye karai la maji ya uvuguvugu, kaboliki inayeyuka taratibu kama ilivyotakiwa. Mimi nilikuwa mlangoni pa stoo, naona kila kitu.

Mzee Urbano akaingia.

Zita akachutama, macho chini, adabu yote. Lakini mikono yake yenye glavu akaiweka pembeni, mbali na mwili.

"Shikamoo, Baba."

Mzee akasubiri makofi. Makofi hayakuja.

"Mama Marsiana, mikono yako imekuwaje?"

"Ina sumu, Baba. Sipigi makofi. Nikimaliza nitanawa, nije nikusalimie vizuri huko nje."

"Unanisalimia ukipenda wewe?"

"Nimekusalimia, Baba. Kilichobaki ni makofi, na makofi yameshanikatia kidole."

Ewe Mola! Mimi mwenyewe nilishika kifua. Mwanamke wa nyumba ile kumjibu mzee hivyo, mbele ya dereva na mimi mtu wa kuja!  Mzee akamwonyesha mlango. "Toka. Toka nje, mtoto usiye na adabu. Kazi hii naiona ikifanywa kila siku."

"Baba, nitatoka, ila usiiguse hiyo chupa mikono mitupu. Tena ile nyingine imetoka stoo sasa hivi, ni ya baridi, ikikutana na moto itapasuka."

"Toka!"

Zita akatoka, akasimama nje ya mlango na glavu zake. Hakwenda mbali. Hilo mlikumbuke mnapomsema.

Honi ikalia tena. Mzee aliona maji ya uvuguvugu yanamchelewesha. Akachukua sufuria ya maji yaliyokuwa yanatokota kwenye jiko la mkaa, akayamimina kwenye karai, akaitumbukiza na ile chupa ya baridi. Chupa yenyewe ilikuwa imelala stoo usiku kucha kwenye baridi yetu hii. Alipoona kaboliki inaanza kuyeyuka akaikumbatia chupa kifuani, akainyanyua. Tukasikia mlio mdogo tu, kah! Kitako cha chupa kikabaki kwenye karai. Kaboliki yote iliyokuwa imeyeyuka ikamshukia tumboni, kwenye mapaja, mpaka ndani ya viatu.

"Baba!" Zita akapiga kelele. "Vua!"

Mzee Urbano akajitazama. Akajipangusa kwa kiganja, kama mtu aliyemwagikiwa na uji. "Haiumi," akasema. "Mnapiga kelele za nini? Haiumi."

"Haiumi kwa sababu inakuua! Vua suruali, Baba!"

Hapo mzee akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Mbele yako? Mimi nivue suruali mbele ya mke wa mwanangu? Ondokeni. Nitakwenda nyumbani kubadilisha."

Akaanza kutembea. Alitoka mlangoni, akafika uwanjani, magoti yakalegea. Uso ukawa wa majivu, jasho linamtiririka na baridi ile. Akakaa chini kama mlevi, bado ameshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili ili mtu asiuguse.

Dereva aligeuka akatazama upande wa lori. Wapakiaji wakarudi nyuma. Bibi Kristiana, dada yake mzee, alikuwa amemletea chakula. Akaanza kupiga ukelele, "Mtafuteni Wilibrodi! Mtafuteni mwanaume wa ukoo!" Wilibrodi alikuwa shambani, kilima cha pili huko, analima matuta. Mpaka aitwe na afike, mzee angekuwa wa kuchimbiwa kaburi.

Zita hakumtafuta mtu. "Tusajigwe, mkasi wa stoo! Na ndoo!"

Nilikimbia. Niliporudi alikuwa amepiga magoti juu ya miguu ya baba mkwe wake, glavu mkononi, aproni kifuani, akivuta viatu. Mzee alimpiga kibao cha shavu. Akampiga cha pili. "Usiniguse! Niache nife! Bora nife!"

"Hufi, Baba," Zita akamwambia. "Utanikasirikia, lakini hufi."

Akakata mkanda. Akakata suruali kuanzia kiunoni mpaka chini, mguu huu na huu, akaitupa. Akakata na kile cha ndani. Mzee akafumba macho akalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake. Wanawake wakageuka. Mimi sikugeuka, nilikuwa na ndoo. Nikamwaga, nikachota, nikamwaga, maji ya baridi ya kukata mifupa, naye Zita akishikilia ili maji yapite kila mahali. "Mengine! Usiache, mengine!" Mapaja yalikuwa yameshakuwa meupe kama chokaa. Pipa lilipokwisha tukamfunika kwa khanga yangu, tukampakia kwenye lori lile lile lililokuwa linapiga honi, likakimbia hospitali.

Daktari alimlaza. Mkojo wake ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa kama chai ya rangi, ishara kwamba sumu ilikuwa imeshaingia. Alituambia mimi na Wilibrodi, wazi kabisa, "Kama angevuliwa nyumbani, mngemleta maiti." Mzee alipona, ila ngozi ya mapaja ilibanduka, na mpaka leo anatembea akichechemea.

Mngefikiri Zita alishukuriwa. Thubutu!

Mzee alipotoka hospitali, ukoo uliitana uwanjani kwake. Polikarp, mdogo wake mzee, ndiye aliyeshika maneno. Alisema mkamwana ameuona uchi wa baba mkwe, ameshika mwili wake, na amefanya hivyo hadharani. Kwa hiyo atoe mbuzi, apike pombe ya ulezi, apige magoti mbele ya wazee na kuomba msamaha kwa alilolitenda. Akikataa, arudishwe kwao Matai, na mtoto abaki.

Wilibrodi alikuwa ameinamisha kichwa. Marsiana alikuwa ameshika sketi ya mama yake kwa nguvu. Mimi niliitwa kama shahidi, nikakaa mwisho kabisa. Niliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Mbuzi walikuwa nao. Ulezi ulikuwa ghalani. Neno moja tu, nimekosa, na Zita angelala kwake na mtoto wake.

Zita akasimama.

"Wazee, shikamooni. Pombe nitapika siku ya sikukuu, kama kawaida. Ya kuomba msamaha sipiki. Magoti nilishayapiga, pale uwanjani, kwenye matope. Mnataka mbuzi kwa kuwa nilimwona Baba uchi. Niambieni, ningemwacha afe na suruali yake, mngenidai nini? Msingenidai kitu. Mngesema mkamwana mwenye adabu, na mngekula msibani."

"Nyamaza!" Bibi Kristiana akasema.

"Sinyamazi, Shangazi. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa unaita mwanaume wa ukoo. Wanaume walikuwepo, wanatazama lori."

Polikarp akainuka, kidole juu, na nadhani alitaka kutamka kwamba Zita aondoke siku ile ile. Ndipo mlango wa nyumba ukafunguliwa. Mzee Urbano alikuwa amefungwa shuka kiunoni kwa ajili ya vidonda, ameegemea fimbo. Alikuwa hajasema neno lolote tangu hospitali, si kwa Zita, si kwa mtu yeyote.

"Polikarp, kaa."

Polikarp akakaa.

"Mnazungumza uchi wangu kana kwamba sipo. Nipo. Mimi nilimwambia huyu mtoto aniache nife, na sikuwa natania. Nilikuwa tayari kuingia kaburini kwa sababu ya suruali."  "Nilimpiga. Hakuacha. Haya, Polikarp, wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja. Kama ungekuwepo, nami nakupiga, nakulaani, ungenivua?"

 Polikarp alitazama chini, na watu wote wakatazama chini.

"Basi mbuzi hatoki. Anayetaka kumrudisha Zita Matai, aanze kunirudisha mimi pale uwanjani, anivike ile suruali, aniache." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe Wilibrodi, inua kichwa. Mkeo anatukanwa, unaangalia mavumbi."

Wazee wakatawanyika mmoja mmoja, wengine wananuna. Bibi Kristiana mpaka leo hamsemeshi Zita, na Zita hajamfuata kumbembeleza. Tulipokuwa tunatoka nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Mama Marsiana, likitokea tena, utafanya vile vile?" Akanishangaa. "Na wewe nawe! Hata kesho."

FUNZO

Sasa cheka tena, wewe wa kwenye foleni.

Funzo la kwanza ni la wanaofanya kazi na vitu vikali, iwe maabara, iwe josho la ng'ombe, iwe stoo ya dawa ya mahindi. Kitu kinachokwenda kuwa dawa si dawa. Kisichouma usikiamini. Glavu ukishazivaa zimevaliwa, na atakayeingia, awe baba mkwe, awe msimamizi, awe mgeni wa heshima kutoka mkoani, atasalimiwa kwa mdomo au atasubiri nje. Ninyi wataalamu wapole wa aina ya Bwana Ambilikile, semeni mapema. Kidole cha Zita kilikatwa wakati mnaona haya.

La pili ni la wazee wetu tunaowapenda. Mkamwana anayekataa kukupigia makofi kwa mikono yenye sumu hajakudharau. Anataka mjukuu wako awe na mama, na wewe uwe na mtu wa kukupikia uji. Heshima inayomtaka mtu afe ili ionekane, mimi Tusajigwe siitambui, na niiteni mtakavyoniita.

Na la mwisho ni la kila mtu. Ukimwagikiwa, vua. Mbele ya mkwe, vua. Mbele ya padri, vua. Mbele ya mkutano wa hadhara, vua, umwagiwe maji. Aibu tutakuja kuizungumza ukiwa hai.